Mtu Aliyeona kwa Macho Yake

Ukimpigia simu msemaji yeyote wa hapa Arua, Uganda, atakuambia yuko kwenye mkutano. Hata ukimwona mwenyewe amekaa kibandani anatafuna nyama choma, atakuambia yuko kwenye mkutano. Mimi niliacha zamani kupiga simu. Nikimtaka msemaji nasikiliza redio asubuhi, wakati wa matangazo ya vifo, nijue nani amefiwa na nani, halafu nakwenda msibani. Msemaji wa kampuni, afisa mawasiliano wa shirika, hata yule wa ofisi za jiji, wote huja kwenye misiba Jumamosi, na msibani hakuna mkutano. Unakaa naye kwenye kiti cha plastiki, unampa pole, mnakula wali na maharage, na ukiondoka una namba yake ile nyingine, ile anayopokea.

Ndivyo ninavyofanya kazi. Mimi ni mwandishi asiye na gazeti. Naandika habari, natafuta wa kuichukua Kampala au Nairobi, wakikataa basi, imekula kwangu. Mwenye gazeti ana kitambulisho shingoni na gari lenye jina ubavuni. Mimi nina boda boda na mdomo. Msemaji akikuuliza unatoka chombo gani, ukamwambia unajitegemea, uso unambadilika hapo hapo, anaanza kuangalia simu yake. Eti tuma barua pepe. Wallahi nimetuma barua pepe nyingi katika Arua hii, na sijui zinakwenda wapi. Labda zinavuka mpaka pale Vurra zinaingia Kongo.

Kwa hiyo nina watu wangu. Kuna mama anayeuza chai pale Vurra, malori yanapongoja karatasi za forodha, maana dereva akingoja huongea. Kuna fundi wa matairi kwenye barabara ya Koboko. Kuna katekista mmoja kwenye kambi ya wakimbizi, Msudani Kusini, anayewajua waliovuka juzi na waliovuka jana. Hao hawaniulizi chombo. Wananiuliza nimeshindaje, mtoto wa dada amepona, halafu ndiyo tunaongea.

Mhariri wangu wa Kampala ana swali moja tu, analirudia mpaka linanichosha: nani aliona? Hataki kujua nani alisikia. Ukimpelekea habari nzuri, imenyooka, ina uchungu ndani yake, atakuuliza hivyo hivyo, nani aliona. Nilimzoea haraka. Swali hilo nililijua kabla sijamjua yeye, maana nililelewa nalo na mama yangu.

Sisi ni watu wa Koboko, watoto wa askari. Kiswahili chetu kilitoka kambini, na mama anakiongea mpaka leo kama anatoa amri. Serikali aliyoitumikia baba ilipoanguka, askari wakakimbilia Kongo na Sudani, mama bado bibi harusi. Akaja mtu akamwambia mumewe amekufa. Mtu yule aliambiwa na mtu, na yule naye aliambiwa na mtu. Mama akakaa eda. Alilia mpaka sauti ikakauka. Eda ikiwa inakaribia kwisha, baba akaingia uani kwa miguu, amekonda, akauliza kama kuna chai.

Watu wa ukoo wetu wamecheka kisa hicho maisha yao yote. Mama hakucheka hata siku moja. Tangu hapo nyumbani kwetu mtu hafi kwa maneno ya kuambiwa. Redio haitoshi, na karatasi haitoshi hata ikiwa na mhuri. Mpaka aje mtu, asimame mbele ya mama, aseme mimi niliona. Baba alipofariki kweli, kitandani, mama mwenyewe amemshika mkono, bado alimrudisha daktari chumbani aangalie tena.

Sasa mdogo wangu. Alikuwa tanboi, yule anayekaa na dereva kwenye lori, anayefunga turubai, anayeweka jiwe nyuma ya gurudumu kwenye mlima. Lori lilikuwa la kampuni moja ya Arua, lilipeleka saruji na mafuta ya kupikia Sudani Kusini, likipita Koboko. Akipita alikuwa anapiga honi tatu tatu mbele ya nyumba, mpaka majirani wakamwomba mama amkataze. Mama alimkataza. Akawa anapiga mbili.

Lori likavamiwa ng'ambo ya mpaka, likachomwa moto. Mwili wa dereva ulirudi. Wa mdogo wangu haukurudi.

Nilipata habari kama waandishi wengine walivyoipata. Kampuni ilitoa taarifa, msemaji akaitupa kwenye kundi letu la WhatsApp, la waandishi wa mkoa wetu wa West Nile, katikati ya mwaliko wa warsha na picha ya pikipiki inayouzwa. Ilisema kwamba majira ya alasiri watu wasiojulikana wenye silaha walilizuia gari, na kwamba kwa masikitiko makubwa wafanyakazi wawili walipoteza maisha wakiwa wanatekeleza majukumu yao. Majina yalikuwa chini. Niliisoma mpaka mwisho. Nikaangalia kama ina sahihi, maana macho ya kazi yanakwenda yenyewe. Kisha nikasubiri kitu kije kifuani, na hakikuja. Ganzi tupu, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Nilikuwa nimetoka nyumbani kwenda kununua nyanya, basi nikaenda nikanunua nyanya.

Nilipofika Koboko mama alikuwa ameshasikia kutoka kwa majirani. Alikuwa anachambua mchele, hakuacha.

"Nani aliona?" akaniuliza.

"Kampuni imetoa taarifa, mama."

"Kampuni iko na macho?"

Nikavua viatu, nikakaa karibu na ungo wake.

Mlangoni alikuwa amesimama wifi yangu, mke wa mdogo wangu, msichana wa Lurujo, amekuja kwetu hata hajamaliza kuzoea jiko letu. Yeye ndiye jambo hili lililomkalia kooni. Mama hakutangaza msiba, kwa hiyo wifi hakuwa mjane. Mume hakuwepo, kwa hiyo hakuwa mke. Alifagia ua asubuhi, akafagia tena adhuhuri, majani yenyewe hayapo. Wazazi wake walikuja kutoka Lurujo kwa adabu zote, wakakaa, wakanywa maji, wakasema mvua zimeanza na nyumbani wanalima. Kama binti yao ni mjane, akae eda yake kisha wamchukue. Kama ni mke, basi waonyeshwe mume. Hawakugomba. Mama akawajibu neno moja, subirini, wakaondoka, na wifi akachukua ufagio.

Jioni hiyo mama akaniita jikoni. "Wewe kazi yako ni kutafuta watu," akasema. "Tafuta basi."

Nilianza kama ninavyoanza habari yoyote. Nilikwenda Vurra, maana madereva wa njia ya Sudani wakichoka huhamia njia ya Kongo, na wakifika Vurra wanakunywa chai ya yule mama. Alikuwa amesikia. Alinishika mkono, akasema mutu hawezi kupotea hivi hivi, akanipa chai. Nilikwenda kwa fundi wa matairi, alikuwa amesikia. Katekista alinikutanisha na watu waliovuka siku zile zile, familia nzima, wakaniambia walisikia risasi na waliona moshi, lakini walikuwa wanakimbia upande mwingine. Niliwashukuru. Kila mtu alikuwa amesikia. Arua nzima ilisikia, na Koboko, na nusu ya Sudani Kusini, jamani, na hakuna mtu mmoja aliyeona!

Akabaki msemaji wa kampuni. Nilikuwa na namba yake ya pili, niliipata kwenye maziko ya mjomba wake, na pale tuliongea vizuri sana kuhusu bei ya simenti. Nikampigia, akapokea, sauti ya furaha.

"Dada yangu! Hii ni ya kuandika au si ya kuandika?"

Ndivyo wanavyoanza wote. Nikamwambia nauliza kuhusu lori. Akabadilisha sauti hapo hapo, akasema kampuni inaendelea kufuatilia suala hilo kwa karibu na itatoa taarifa zaidi kwa wakati muafaka. Nimesikia maneno hayo mara ngapi sijui, na siku zote nayaandika tu. Siku hiyo nikapasuka.

"Wakati muafaka wa nani? Huyo mfanyakazi wenu wa pili ni mdogo wangu. Tumenyonya ziwa moja! Usinisomee taarifa."

Hakujua. Kwetu watoto wa baba mmoja kila mmoja ana jina lake, kwa hiyo jina langu halikumwambia kitu miaka yote hiyo, na mimi sikuwahi kumwambia. Nilimsikia anafunga mlango.

"Pole, dada," akasema, na sasa alikuwa anaongea kama mtu. "Unataka nini? Niambie."

Nikamwambia. Sitaki fidia, hayo ataongea baba mdogo. Sitaki taarifa. Nataka mtu mmoja aliyeona, aje Koboko, akae mbele ya mama yangu, aseme. Akisema kwamba yuko hai, heri. Akisema amekufa, tutalia. Lakini aje.

"Nitakutafutia," akasema.

Neno hilo nalijua. Wanakuambia hivyo ukiomba mkulima wa kupigwa picha, au mgonjwa aliyepona. Mara nyingi wanakupiga chenga. Huyu hakunipiga chenga. Alinipigia mwenyewe, akaniambia amempata dereva aliyekuwa kwenye lori la nyuma, na kwamba atamleta yeye mwenyewe kwa gari la kampuni. Masharti yalikuwa mawili, jina la dereva lisiandikwe popote na asipigwe picha. Nikasema sawa. Ni masharti ya kawaida, na nimeyashika mpaka leo, hata humu.

Wakaja asubuhi. Mama alikuwa ametoa viti barazani, amevaa kitenge chake cha Idi. Dereva alikuwa mtu mkubwa, shati limepigwa pasi, kofia yake ameikunja mikononi anaikamua kama nguo mbichi. Msemaji akakaa kando, mbali kidogo, kama wanavyokaa kwenye mahojiano, karibu ya kusikia na mbali ya kusingiziwa. Wifi alisimama mlangoni, bega limeegemea fremu. Mama akamimina chai, akangoja mgeni anywe. Hamuulizi mtu kitu kabla hajanywa.

"Sasa sema, mutoto yangu," akamwambia.

Dereva akakohoa. Akampa mama pole. Akasema, "Mama, ilikuwa majira ya alasiri."

Nikainua kichwa.

Hakuna dereva kutoka Vurra mpaka Oraba, kwenye mpaka wa Sudani Kusini, anayesema majira ya alasiri. Dereva anasema saa tisa hivi, anasema jua iko hapa, anakuonyesha kwa mkono. Nikasikiliza. Akasema watu wasiojulikana wenye silaha walilizuia gari. Akasema walipoteza maisha wakiwa wanatekeleza majukumu yao. Aliyasema polepole, anayavuta moja moja, macho kwenye sakafu. Ile taarifa niliijua kwa moyo, ningeweza kumsaidia alipokwama. Nikamgeukia msemaji. Alikuwa anavuta uzi kwenye suruali yake.

Hasira ilinipanda, ya kweli, mpaka masikio yakawa moto, na nilifurahi kuiona maana angalau ilikuwa kitu. Nilitaka kusimama nimuulize msemaji, umemkaririsha? Umemletea mama yangu mtu wa kukariri? Halafu ikashuka yenyewe, ganzi ikarudi mahali pake, nikabaki nimeshika kikombe.

Mama akauliza, "Alianguka namna gani?"

"Alianguka tu, mama," dereva akasema. "Hakuteseka."

Hilo nalo wanalisema wote.

Mama hakumuuliza tena. Akanigeukia mimi. Alinitazama kama nilivyozoea kumtazama mtu ninayetaka aniambie ukweli, bila kupepesa.

"Wewe ndiyo kazi yako hii," akasema. "Unauliza watu kila siku. Niambie. Huyu mutu aliona?"

Wote wakaniangalia. Dereva aliacha kukamua kofia. Wifi alikuwa ameweka mguu mmoja juu ya mwingine, kidole gumba kinasugua kisigino, na niliangalia mguu ule zaidi kuliko kitu kingine. Nikisema hapana, atafagia ua huu mpaka azeeke. Mama atachambua mchele na masikio yake yako barabarani, anangoja honi. Nikisema ndiyo, na siku moja mdogo wangu aingie kwa miguu, amekonda, aulize kama kuna chai, nitamwambia nini? Mkewe atakuwa wapi? Nilijua hayo yote kwa wakati mmoja, na sikuhisi hata moja.

"Aliona, mama," nikasema.

Mama akaweka kikombe chini, taratibu, asimwage. Akavua kitambaa cha kichwa. Halafu akapiga yowe ambalo sijawahi kulisikia kwake, hata baba alipokufa, na wifi akateremka na fremu ya mlango mpaka chini. Majirani walikuwa wanangoja siku hiyo kama sisi. Waliingia kwa pamoja, mtu na turubai, mtu na sufuria, na shehe hakuchelewa. Dereva naye alianza kulia, mabega yanatikisika, analia kuliko watu wote, na hakuna aliyeshangaa maana alikuwa mtu aliyeona. Mimi nikatafuta sukari. Kulikuwa na watu wengi wa kunyweshwa chai.

Msemaji alinifuata nyuma ya nyumba.

"Dada, nilifikiri nakusaidia," akasema. "Kweli alikuwa nyuma yao. Mbali kidogo. Aliona moshi. Nilimfundisha kidogo tu asichanganyikiwe."

"Najua."

"Utaandika?"

"Niandike nini?"

Akashusha pumzi, akanishika bega. Nadhani alinihurumia kweli. Sikumchukia wala sikumpenda, nilimwambia tu achukue birika lile apeleke mbele.

Niliandika kitu kimoja, tangazo la redio. Lilisomwa asubuhi pamoja na mengine, jina la marehemu, la baba yake, mahali pa matanga. Jumamosi wakaja. Wasemaji wote niliokaa nao kwenye misiba ya watu walikuja kukaa kwenye wangu, na pembeni nikamwona mwandishi mwenzangu, naye hana gazeti, amesogeza kiti chake karibu na afisa mawasiliano wa shirika moja, wali mkononi, anampa pole. Pole ya nini, marehemu si wa kwake! Karibu nicheke. Nilimwongezea maharage.

Wifi alimaliza eda yake. Watu wake wakaja kumchukua, safari hii mama aliwachinjia, akamfunga mwenyewe kitenge kipya kiunoni. Analima Lurujo sasa. Nasikia kuna mwanamume ameshatuma watu kwa wazazi wake, na nasikia ni mtu mzuri. Mama anakula, analala. Lori likipita barabarani likipiga honi anaendelea na shughuli yake. Kitanda cha mdogo wangu alimpa jirani.

Mimi naenda Vurra. Nakunywa chai, nawaambia madereva naandika habari ya malori, na wamenizoea. Nauliza njia, nauliza kodi, halafu nauliza siku ile, kwenye barabara ile, nani alikuwa mbele, nani alikuwa nyuma, nani aliona. Wanaanza wote na kusikia. Mhariri ameshachoka kuniuliza habari ya malori itakwisha lini. Namwambia bado natafuta chanzo.

Na nikiwa Koboko, mtu akiingia uani kwa miguu, mama hainui kichwa tena. Ninayeinuka ni mimi. Juzi aliniona nikimimina chai, nikaweka kikombe kimoja pembeni, nikakifunika na kisahani.

"Hiyo ya nani?" akaniuliza.

"Ya mgeni," nikasema.